Vagon ya Kichwa cha Mama

Kindu, tarehe 6 mwezi wa tano, 2000

Mwanangu Anaclet,

Nakuandikia haraka, kwa sababu muntu wa kinga anayeenda Kibombo na baiskeli yake anangoja mulangoni, na ameanza kukohoa makusudi ili nijue kwamba anangoja.

Habari ya bibi yako? Unamusikiliza? Nimeambiwa unakataa sombe isiyo na samaki. Anaclet, sisi tuliobaki hapa Kindu tunakula majani hayo ya muhogo bila samaki na bila mafuta, na tunashukuru. Kula.

Uliomba picha yangu. Nimecheka kidogo, halafu sikucheka tena. Mupiga-picha alifunga duka siku askari walipoingia, na picha zetu za ndoa ziliungua pamoja na nyumba. Basi nikaenda kwa Papa Ngeleka, yule Mukasai anayechora mashine na mavagon ya reli. Treni haitembei, kazi hana, akakubali. Akaniambia nikae bila kutikisika. Nitakaa namna gani bila kutikisika? Josiane yuko mugongoni, magego yanamutoka, anavuta kila kitu anachoweza kushika. Kabla muzee hajafika kwenye macho, risasi zikalia upande wa bandari, kila muntu akakimbia na njia yake.

Amenipa alichokuwa amemaliza. Usishangae, ni sanduku. Anasema kila kichwa yeye anakianza kama vagon: ukuta wa mbele ni uso, ukuta wa ubavu ni wa sikio, paa ni utosi. Lakini vipimo ni vya kichwa changu, alinipima kwa penseli, jicho moja amefumba. Macho na pua na mudomo atavitia vita ikitulia. Wewe unanijua, mwanangu. Kwa sasa weka mwenyewe.

Usilie mbele ya bibi, anachoka.

Mama yako,
Feza


Kindu, Mikelenge, tarehe 2 mwezi wa sita, 2025

Yaya Anaclet,

Kaka yangu mukubwa, simu yako huko machimboni imekuwa kipande cha plastiki. Nimepiga mpaka yule mama wa ndani ya mashine, anayesema hupatikani, nimemuzoea kama jirani. Kwa hiyo nimenunua karatasi, na Dodo wa moto ndiye ataileta kwa pikipiki yake. Umupe maji ya kunywa, njia ya Punia unaijua.

Wakubwa wamekaa. Tutatoa matanga ya papa Jumamosi, tarehe 30 mwezi wa nane. Na wameona ni vizuri tutoe na ya mama siku hiyohiyo, kwa sababu papa mwenyewe hakukubali kumulilia. Unajua alivyokuwa. Mpaka anakufa alisema mama ametoka, hakusema amekufa. Mama alinishusha kwenye kituo kidogo cha reli wakati tunakimbia, mwaka wa 2002, akaniacha na wamama wengine, akarudi nyuma kutafuta chakula. Kwa papa, muntu aliyekwenda kutafuta chakula bado yuko njiani.

Sasa sikiliza shida. Wanachapisha kitambaa cha familia, nguo moja kwa wote, na kwenye kitambaa kuna miviringo miwili: mmoja sura ya papa, mwingine sura ya mama. Ya papa tumeitoa kwenye kadi yake ya uchaguzi, wameikuza, amekasirika kidogo lakini ni yeye. Ya mama hakuna. Mama mudogo Claire akasema tuweke picha yake yeye, kwa sababu walifanana, na mama alikuwa dada yake, hakuna atakayejua. Ameshachagua na picha: ile ya perike, nywele za kununua, aliyopiga Kinshasa. Nikamuuliza kama haogopi kuvaliwa kwenye matanga naye ni muzima. Akanijibu: "Bora nijione sasa. Siku yangu ikifika sitaona kitu."

Yaya, sitaki watoto wangu wamusalimie bibi yao wakiangalia perike ya Claire. Wewe njo mukubwa, wewe ndiye unajua kuchora, ulifundishwa na Papa Ngeleka. Wewe ulikuwa na akili wakati mimi bado ninabebwa. Nichoree mama. Ukubwa wa sahani unatosha. Mupiga-chapa anaitaka kabla ya tarehe 25 mwezi wa nane.

Exaucée sasa ana miaka minne na anauliza kila kitu. Divine anaota meno. Mume wangu Hamidou yuko Kibombo na muchele wake, atarudi atakaporudi.

Mudogo wako,
Josiane


Karibu na Punia, tarehe 15 mwezi wa sita, 2025

Josi,

Dodo amekunywa maji. Amekunywa na chai yangu.

Kazi iko, natengeneza mabenchi ya shule, mbao za hapa ni nzuri lakini wenye kulipa wanachelewa. Kichwa cha mama nimekianza.

Nakutumia michoro mitatu. Usicheke. Kichwa hakianzi na macho, kinaanza na sanduku. Kumbuka reli pale kituoni: ukisimama katikati, zile chuma mbili zinaenda kukutana mbali, kwenye kimo cha macho yako. Mistari ya sanduku nayo inaenda kukutana hapohapo. Ukiwa juu ya kichwa, unaona paa lake. Ukiwa chini, unaona sakafu, ndiyo chini ya kidevu. Ukiwa sawa naye, huoni paa wala sakafu. Sasa nimechora yote mitatu. Sikio linakaa kwenye ukuta wa ubavu, nyuma kidogo ya nusu: juu yake inalingana na nyusi, chini yake inalingana na pua.

Ninachotaka uniambie: ukuta wa mbele ulikuwa mupana au mwembamba? Paji la uso lilisimama wima au lililala nyuma? Kidevu kilitoka mbele? Uliza na Claire. Sanduku likikaa vizuri, mengine yanaingia yenyewe.

Anaclet


Kindu, tarehe 24 mwezi wa sita, 2025

Yaya,

Nilikuomba mama, umenitumia makartoni matatu ya sabuni.

Nimeyaweka mezani, nimeyageuza, nimeyaangalia kutoka juu na kutoka chini kama ulivyofundisha. Ni makartoni. Jirani aliingia kuomba moto, akauliza kama Hamidou anataka kujenga choo.

Maswali yako nimeyapeleka kwa Mama mudogo Claire, kama ulivyotaka, na hilo ni kosa lako, si langu. Nilimukuta anasukwa. Paji la uso? Kama langu, akasema. Kidevu? Kama changu. Pua? Akafikiri, akasema pua ya mama ilikuwa kama yake lakini yake ni bora kidogo. Halafu akaniuliza kama kwenye kitambaa tutaweka perike yote au wataikata juu.

Wewe unaniuliza mimi ukuta wa mbele. Ukuta gani, yaya? Mimi ninapika, ninafua, ninauza maandazi asubuhi, mutoto mmoja ananiuma ziwa na mwingine ananiuliza kwa nini mbuzi hana viatu. Nikipata nafasi ya kukaa, ninakaa juu ya kitu kilichomwagika. Sina nguvu ya kupima vichwa vya watu ambao hawapo. Weka macho. Macho mawili, pua moja, mudomo. Hata Exaucée akichora muntu anaanza na macho, na ile mingine inafuata namna inavyopenda.

Sisemi kwa ubaya. Najua unapenda kazi itoke sawa, hata kiti cha jikoni ulikiweka siku nzima ukikigongagonga. Lakini wakubwa wananiuliza kila Jumapili, na kila Jumapili ninasema yaya anachora. Usinifanye muongo.

Nimekuwekea chumvi na dawa ya minyoo kwenye mufuko wa Dodo. Kunywa kweli, usiiweke tu.

Josiane


Karibu na Punia, tarehe 3 mwezi wa saba, 2025

Josi,

Dawa nimekunywa.

Nakutumia karatasi moja ndani ya mbao mbili nyembamba, ili isikunjike. Hii si nakala. Iangalie peke yako watoto wakiwa wamelala, kisha uniandikie unaona nini. Sitakuambia kitu kabla.

Uirudishe kwa Dodo.

Anaclet


Kindu, tarehe 12 mwezi wa saba, 2025

Yaya Anaclet,

Watoto wakilala na mimi ninalala. Mwenye kukuambia kwamba mama mwenye watoto wawili ana saa yake ya kuangalia karatasi, alikudanganya.

Lakini nilijaribu. Nikafungua mbao zako, nikasema sasa njo mama. Nikakuta sanduku. Sanduku jingine, la zamani, karatasi imekuwa rangi ya chai na inanuka moshi. Nikakaa nikiliangalia mpaka maharage yakaungua. Halafu Divine akashikwa na homa, nikamufunga kwenye kitenge changu cha pagne, nikakimbia naye kwa munganga, tukarudi jua limezama. Homa imepona, asante Mungu. Lakini karatasi niliiacha mezani, na Exaucée alibaki na mutoto mukubwa wa jirani, na makala, yale makaa ya jikoni, iko kwa kila mukono.

Ameiwekea magurudumu. Manne. Ameweka na bomba linalotoa moshi, na kwenye ukuta ule wa ubavu amechora dirisha, na watu wawili wanapungia mukono. Nilimuuliza kwa nini. Alinitazama kama mimi njo mupumbavu. "Ni treni, mama. Ilikuwa haiwezi kutembea."

Nitakuambia ukweli: sasa njo imefanana na kitu.

Uliniomba niseme ninaona nini. Ninaona kwamba yaya wangu ananichezea. Umeondoka hapa muda murefu, umezoea kuongea na mbao. Mama hakuwa benchi. Kama hutaki kuchora, sema hutaki, nitaielewa, nitalia kidogo na itakwisha. Lakini usinitumie mafumbo katikati ya homa na maharage.

Nimechoka kusema yaya anachora. Jumapili inayokuja nitawaambia waweke Claire na perike yake.

Nakurudishia vagon yako. Salama.

Josiane


Karibu na Punia, tarehe 20 mwezi wa saba, 2025

Josiane,

Karatasi ile aliichora Papa Ngeleka, mwaka wa 2000, mama akiwa amekaa mbele yake. Wewe ulikuwa mugongoni. Ni kitu pekee duniani kilichochorwa kikipimwa kwenye kichwa cha mama yetu. Mama alinitumia Kibombo pamoja na barua. Barua nimekunakilia kwa mukono wangu, iko nyuma ya hii. Isome.

Nimeilinda na panya, na mvua, na wachimbaji wanaotafuta karatasi ya kuwashia moto. Nilikutumia bila kusema kitu kwa sababu nilifikiri ukiiona tu, utajua. Niliona nikikuambia, utasema unamuona hata kama humuoni, ili kunifurahisha.

Alisema niweke macho mwenyewe. Nilipelekwa Kibombo nina miaka mitano. Barua ilipofika nilikaa nyuma ya jiko la bibi na penseli nikajaribu. Macho hayakuja. Niliporudi Kindu baada ya vita, nilimuomba Papa Ngeleka amalizie. Akasema anaweza kubuni vagon, macho ambayo hayako mbele yake hawezi. Akanifundisha sanduku, akanifundisha kulizungusha, akaniambia niendelee kungoja. Muzee akafa. Nilingoja.

Kwa hiyo si uvivu, na si mafumbo. Sura ya mama sina. Nilifikiri wewe unayo.

Magurudumu yako hapo. Makala inatoka kwa kipande cha mukate, fundi yeyote anajua. Sikufuta.

Anaclet


Kindu, tarehe 28 mwezi wa saba, 2025

Yaya wangu,

Barua ya mama nimeisoma nimesimama, kwa sababu Divine alikuwa amelala mugongoni na nikikaa anaamuka. Nimeisoma nikitembea kutoka jikoni mpaka kwenye mulango, nikirudi. Alikuwa na miaka ishirini na sita alipoiandika. Mimi sasa nina ishirini na saba. Mama ni mudogo wangu. Sijui niweke wapi jambo hilo.

Na ile namna ya kukuambia ule sombe. Nilidhani ni mimi ninayeongea hivyo.

Nisamehe maneno ya benchi. Exaucée sijamupiga, na sitamupiga, hakujua, na mimi mwenyewe sikujua. Lakini na wewe, yaya, ungesema. Wewe ulifikiri mimi njo ninaye, mimi nilifikiri wewe njo unaye, na kila mmoja anamukasirikia mwenzake kwa kuficha kitu ambacho hana. Papa naye alikuwa hivyo. Ukimuuliza mama alikuwa namna gani, anasema kuleni.

Sasa nikuambie yangu. Mimi sura sina. Nilimuona, lazima nilimuona, miaka minne nilikula mukononi mwake. Lakini nikifunga macho na kumutafuta, hageuki. Nilicho nacho ni cha nyuma. Fundo la kitambaa cha kichwa, chini upande wa kushoto. Nywele ndogo za shingoni, zimelowa jasho, zimejikunja. Sikio. Tundu la hereni lilikuwa limevutwa mpaka likawa ufa, na nafikiri ni mimi niliyelivuta. Nyuma ya sikio madoa mawili meusi kama mbegu za papai, nilikuwa ninayagusa nikitaka kulala. Na pembe ya shavu: akiongea na watu wa mbele, inapanda, na mimi ninajua anacheka hata kama simuoni.

Hayo ninayo yote. Njia nzima ya reli niliyaangalia, sikuwa na kitu kingine cha kuangalia.

Ukuta wa mbele sina, yaya. Niko na wa nyuma na kipande cha wa ubavu. Ulisema vagon ya Papa Ngeleka inazunguka. Basi izungushe.

Josiane


Karibu na Punia, tarehe 6 mwezi wa nane, 2025

Josi,

Inazunguka. Njo kazi yake. Ukiwa na urefu, upana na kina cha sanduku, unaweza kulisimamisha namna yoyote, na vipimo vya muzee ni vya kweli. Usiku sikulala vizuri, nimelizungusha mpaka mushumaa umekwisha.

Sasa nisaidie, na usinijibu kwa haraka. Jicho lako lilikuwa wapi? Juu ya sikio lake, sawa nalo, au chini? Likiwa chini, mistari ya ukuta wa ubavu inateremka ikienda mbele, na nitaona chini ya taya. Likiwa juu, inapanda, na nitaona kidogo cha paa. Nikikosea hapo, atakuwa muntu mwingine. Na ulikuwa unaangalia juu ya bega gani?

Usiniambie katikati.

Anaclet


Kindu, tarehe 13 mwezi wa nane, 2025

Yaya,

Swali lako lingewezekana kujibiwa na muntu mwenye akili yake. Mimi nimelijibu kwa mugongo.

Nilikaa nikifikiri, sikuona kitu. Nikifikiria jicho langu lilikuwa juu, ninaona juu. Nikifikiria chini, ninaona chini. Basi nikamuita Exaucée, kwa sababu ana miaka ileile niliyokuwa nayo. Divine nikamuacha kwa jirani. Nikamufunga Exaucée na pagne kama mutoto muchanga, miguu inaninginia mpaka karibu na magoti yangu, nikabeba beseni kichwani, nikazunguka uwanja. Jirani alicheka mpaka akakaa chini. Akaniuliza kama huyu akishaolewa nitambeba mpaka kwa mume. Nikamuambia ninafanya kazi ya reli.

Nikamuuliza Exaucée anaona nini.

"Sikio."

Na kingine?

"Chini ya shavu. Na shingo ina jasho, mama."

Uso wangu unauona?

"Hapana. Uso unaangalia njia."

Basi umepata jibu lako. Jicho liko chini ya sikio, si chini sana, kama kidole. Taya linaonekana kutoka chini. Bega ni la kushoto, kwa sababu mukono wa kulia umepanda kushika muzigo na unaziba upande wote. Mama naye alikuwa na muzigo kichwani, nakumbuka kiwiko chake.

Nimezunguka uwanja mara chache tu, na mpaka leo kiuno hakinyooki. Yeye alinibeba hivyo kutoka Kindu, juu ya zile mbao za reli. Sikuwahi kulifikiria jambo hilo kama kitu chenye uzito. Nilijua tu kwamba nilibebwa.

Chora sasa. Usiniulize tena kitu. Muda unakwisha na Claire amepeleka picha yake kwa mupiga-chapa bila kunisubiri.

Josiane


Karibu na Punia, tarehe 20 mwezi wa nane, 2025

Josi,

Huyu hapa.

Mistari ya sanduku utaiona kidogo chini ya penseli, sikuifuta yote. Ukuta wa mbele nimeuacha upande ule usioonekana. Macho sikuweka.

Kama si yeye, mupe mupiga-chapa perike.

Anaclet


Kindu, tarehe 1 mwezi wa tisa, 2025

Yaya Anaclet,

Karatasi niliifungulia barabarani, Dodo hajazima moto yake. Sikuweza kungoja nifike nyumbani. Nikakaa chini palepale. Dodo akauliza kama kuna muntu amekufa. Nikamuambia hapana, ni kinyume.

Nilimuonyesha Exaucée baadaye. Akaweka kidole juu ya madoa yale mawili. Sikuwa nimemuambia kitu.

Kwa wakubwa ilikuwa vita. Walisema hakuna muntu anayeliliwa kwa kisogo, kwamba watu watafikiri tumemukosea, au yeye ametukasirikia. Mupiga-chapa aligeuza karatasi akitafuta upande wa uso. Mama mudogo Claire alikasirika hasa, akasema perike yake imelipiwa picha na sasa itakaa bure. Nikawaambia: "Mimi njo niliyekuwa naye siku ya mwisho. Hivi njo nilivyomuona. Kama mnaye mwenye sura nyingine, alete." Hakuna aliyeleta. Wakachapisha, lakini wakinung'unika kwa mudomo mukubwa.

Jumamosi tulivaa. Papa kifuani na hasira yake ya kadi ya uchaguzi. Mama, fundi wa kushona alimuweka mugongoni, kila nguo, sijui kama ni makusudi au kitambaa kilikatika hivyo. Tukawa tunatembea, familia nzima, na mama yuko migongoni mwetu.

Watu walikuwa wengi. Wakati wa chakula tulipanga mustari, mimi niko mbele na Divine kiunoni, na nyuma yangu kulikuwa na mama mmoja muzee, Mama Ngoyi, mujane wa muntu wa reli. Alikuja kwa sababu ya papa, walisali pamoja. Sisi hatumujui vizuri. Mustari ukasogea, yeye hakusogea. Nikageuka kumuambia, "Mama, endelea." Alikuwa ananishika nguo, hapa mugongoni, anaivuta inyooke.

Akaniuliza huyu ni nani. Nikasema mama yetu. Akaniuliza jina. Nikasema Feza, limeandikwa hapo chini. Akasema hajui kusoma vizuri, na hata hivyo jina hakulijua kamwe.

"Nilimufuata," akasema. "Kwenye reli. Tulikwenda mustari mmoja, muntu nyuma ya muntu, na mimi nilikuwa nyuma ya huyu. Sikio hili."

Yaya, muchele ulipoa. Watu wakapita pembeni yetu. Alinieleza kwamba walitembea gizani mara nyingi kwa sababu ya askari, na mbao za reli nyingine zilikuwa zimeng'olewa. Mama alikuwa mbele. Kila alipokuta pengo alisema bila kugeuka, kwa sauti ya chini, "Hapa hapana," na Mama Ngoyi anamuambia wa nyuma yake, na huyo anamuambia mwingine, mpaka mwisho wa mustari. Hakuna aliyevunjika mguu. Akasema uso wake hakuuona hata siku moja, kwa sababu walipopumzika kila muntu alianguka alipo. Lakini alisema kisogo kile angekijua hata ahera.

Na kwamba mugongoni mama yetu alikuwa na mutoto wa kike mukubwa, mukubwa kupita kubebwa, aliyekuwa anageuka kumuangalia Mama Ngoyi. Muzee huyo akamupa kipande cha muwa.

Nilimuambia huyo mutoto ni mimi. Akanitazama, akanishika kidevu, akanigeuza uso upande kama wewe unavyogeuza sanduku. Akasema: "Muwa ule ulinyonya ukanirudishia makapi."

Njo hapo niliposhindwa. Mama mudogo Claire alikuja kunishika, akalia na yeye, akalia kweli, nguo yake akaivua begani kutazama dada yake vizuri, na mara ya kwanza sikumusikia akisema anafanana na nani.

Basi tumetoa matanga. Papa amelala. Mama alisema uweke macho, yaya, na hukuweka, na mimi ninafikiri hawezi kukugombeza. Angekuuliza kama umekula.

Sasa yako wewe. Exaucée amechora ukutani, kwa makala, vagon kubwa kuliko yeye. Safari hii hakuna magurudumu. Nikamuuliza ni nini. Akasema ni kichwa cha mjomba. Nikamuuliza mbona hakina macho. Akasema hajakuona.

Ukuta huo sitausafisha, na sitaki ubaki hivyo. Mabenchi yatangoja, wenye kulipa wanachelewa hata hivyo. Dodo anashuka Kindu Ijumaa na nyuma ya moto yake kuna nafasi. Njia nzima utaangalia kisogo chake, kimenyolewa vibaya, utazoea. Kuja na penseli. Na sombe utakuta, ya samaki.

Mudogo wako,
Josiane